Zamu ya Cucu wa Nyeri

Murugi alikuwa ameinamia karai, anasugua kola ya shati la shule, pikipiki iliposimama nje ya lango. Hakuinua kichwa. Jumanne saa nne asubuhi pale Wang'uru anayebisha huwa ni muuza vitunguu au watu wa kuhubiri, na wote wawili huondoka ukiendelea na kazi yako. Lakini lango lilifunguliwa bila kubishwa. Akaona viatu vya mume wake, vimejaa vumbi la pumba kutoka kwenye kinu cha mchele.

Muriithi hakuwahi kurudi nyumbani saa nne. Alisimama kando ya kamba ya nguo, kofia mkononi, nyusi nyeupe kwa pumba.

"Mama Kinyua," akasema, "mama ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Ameenda kabisa. Dada Wendy ndiye amempata asubuhi. Chai yake hata hakuwa ameigusa."

Murugi alilisuuza lile shati, akalikamua, akalianika. Maji ya sabuni hayangojei mtu. Tena hakuwa na machozi ya kumlilia mama mkwe, na hakutaka kujisingizia mbele ya mume wake. Alijifuta mikono kwenye leso, akampa pole, akammiminia uji. Muriithi alikishika kikombe mpaka uji ukafanya utando juu, asinywe.

Watoto wao watatu walikuwa na nyanya wawili, kama watoto wengine, lakini mmoja alikuwa wa kukumbatiwa na wa pili wa kutajwa. Cucu wa Kianyaga, mama yake Murugi, walimjua mpaka harufu. Walijua moshi wa blanketi lake, walijua ni mkono upi huficha ndizi. Kila likizo walipelekwa kwake kwenye mashamba ya kahawa, wakarudi wamenenepa. Cucu wa Nyeri, mama yake Muriithi, walimjua kwa picha moja ya ukutani na kwa safari mbili, ya mwisho ikiwa miaka mitano iliyopita, mdogo wao akiwa hajazaliwa. Si kwamba kulikuwa na vita. Kulikuwa na jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa jina.

Kwao desturi ya majina haina kona. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Nyanya mzaa mama hungoja wa pili. Wala si kuitwa tu. Mtoto huyo ndiye yule mzee, amerudi. Baba humwita binti yake maitu, yaani mama yangu, na humsemesha kwa heshima hata akiwa bado anatambaa. Mwanamke akijifungua, wanawake wakija kumwona na uji hawaulizi amezaa nini. Huuliza: ni nani amekuja?

Kinyua, mtoto wa kwanza, alifuata desturi. Kisha akazaliwa msichana. Mwaka huo Muriithi alikuwa Nanyuki, akiwapakilia wafanyabiashara wa mifugo ng'ombe kwenye malori, na Murugi alijifungua kwa kupasuliwa. Alituma ujumbe kwa mama mkwe aje amsaidie. Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ati chai ilikuwa imechipuka sana, hakuna wa kuchuma. Aliyekuja ni mama yake kutoka Kianyaga, akalala sakafuni siku kumi na saba akimkanda kidonda kwa maji ya chumvi. Basi karani wa vizazi alipouliza jina la mtoto, Murugi akasema Wangui, jina la mama yake. Alilisema kwa hasira na kwa akili timamu, vyote pamoja.

Wiki ya tatu mama mkwe akafika. Alikuja na wanawake wanne wa kanisa lake, kibuyu cha uji mgongoni, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amekuja kujiona.

"Ni nani amekuja?" wakauliza mlangoni.

"Ni Wangui," Murugi akajibu akiwa kitandani.

Mama mkwe, ambaye jina lake lilikuwa Watiri, alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa na wapangaji. Hakumbeba. Akasema kwa upole, "Sawa, mama Kinyua. Basi nitangoja zamu yangu."

Murugi alikuwa na nia ya kumpa hiyo zamu. Hasira hupoa. Msichana wa pili angekuwa Watiri, na maneno yangeisha. Lakini mtoto wa tatu akawa mvulana, Mutahi, akapewa jina la babu wa Kianyaga kama ilivyo haki, na uzazi ule ulimtesa mpaka daktari akamshauri afunge kizazi. Akafunga. Muriithi hakuwa na kaka. Wendy, dada yake wa pekee, hakuwa na mtoto wala haja ya mtoto. Jina la Watiri lilikuwa limefika mwisho wa njia. Mama mkwe alipoambiwa hivyo, kuanzia hapo hakuwapigia simu hata Krismasi.

Walimzika Alhamisi ya wiki iliyofuata, juu ya kilima kule Nyeri, ukungu umelalia majani chai ingawa ilikuwa saa sita mchana.

Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa za kuwalisha waombolezaji, na mwiko mkubwa haukuonekana. Wendy aliutafuta nyuma ya kuni, juu ya dari, chini ya magunia. Ana saluni mjini Karatina na ulimi wake ni wa haraka, na hata siku ile, macho yakiwa mekundu, ulimi haukuwa umelala.

"Huyu mama alikuwa anaficha vitu kama panya," akasema. "Mwiko mrefu kama mtu, ati umepotea."

Wangui alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mlango. Miaka minane, sweta la shule, kimya tangu asubuhi. Aliinuka. Akapita katikati ya wanawake bila kumgusa mtu, akaenda kwenye kona yenye giza, akasukuma ubao mmoja wa ukuta uliokuwa mweusi kwa masizi sawa na nyingine zote. Akauvuta mwiko kutoka nyuma yake.

Wendy akacheka kidogo. "Na wewe nani alikuonyesha hapo?"

"Huwa naweka hapo," mtoto akajibu, akarudi kuketi.

Wanawake wakaendelea kupika. Lakini hakuna aliyesogea tena karibu na kile kigoda.

Kaburini, mhubiri aliwaita wajukuu mmoja mmoja watupe udongo. Kinyua akatupa. Mutahi akasaidiwa na baba yake. "Wangui wa Muriithi," mhubiri akasoma. Mtoto hakusogea. Akasoma tena. Murugi alimsukuma begani kwa kidole, na mtoto akamgeukia, akasema kwa sauti ndogo, kama anayemfundisha mtu mzima adabu:

"Mtu hajitupii udongo."

Murugi alimshika mkono akamwondoa pale kabla watu hawajasikia. Ule mkono ulikuwa wa baridi. Ngozi ya kiganja ilikuwa ngumu na yenye nyufa, kama ya mtu aliyechuma chai maisha yake yote.

Walipokuwa wakipanda gari la kurudi, Wendy alimvuta kando. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama Kinyua, wiki ile yake ya mwisho, mama alikuwa anasema zamu yake imefika. Kila siku. Mimi nilidhani ni zamu ya kliniki."

Murugi alijikaza. Mwanamke mwenye watoto watatu hana nafasi ya kuogopa. Akiogopa, nani atapika? Alijiambia kwamba mtoto ameguswa na msiba, na msiba hupita kama homa.

Ijumaa Wangui hakuitika akiitwa. Jumamosi alikaa uani, miguu ameinyoosha mbele, akimenya maharagwe mabichi kwa kidole gumba, haraka, bila kuyatazama. Huyu ni mtoto ambaye akipewa bakuli la maharagwe alikuwa akimenya matatu na kutoroka. Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa mlima, akashika goti lake la kushoto, akawa analisugua.

"Umeanguka?" Murugi akamwuliza.

"Ni mvua."

Anga juu ya mashamba ya mpunga lilikuwa bado jeupe. Mvua ikaja saa tisa.

Tangu siku hiyo hakumwita tena mum. Alimwita mama Kinyua.

Jioni yake Muriithi alirudi kutoka kinuni. Mtoto akampokea kofia mlangoni, akaikung'uta pumba, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," akamwambia. "Kwani huyu hakulishi?"

Kinyua akaangua kicheko. Baba yake hakucheka. Alisimama pale, kisha akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Niko sawa, maitu," akasema.

Wanaume wote wa mtaa ule walikuwa na binti wa kumwita maitu. Humwita dukani, humwita barabarani, hujisifu naye. Muriithi alikuwa na binti ambaye kwa miaka minane hakuwa na haki ya kumwita hivyo, na hakuwahi kulalamika hata siku moja. Murugi aliuona uso wake ukifunguka. Akaelewa kwamba katika jambo hili amebaki peke yake.

Walipokuwa wawili tu jikoni, akamnong'oneza, "Baba Kinyua, usimwitikie."

"Najua."

"Ukijua, mbona unamwitikia?"

Muriithi alichokora moto kwa muda. "Ulimfungia mlango. Sasa amepitia dirishani, na unataka nimfukuze. Ni mama yangu, Murugi."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Shule nayo ikaleta yake. Jumatano mwalimu wa darasa alimwita Murugi, akamwonyesha kitabu cha mahudhurio. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: Wangui hayupo, hayupo, hayupo.

"Lakini nimemleta mwenyewe kila asubuhi," Murugi akasema.

"Anakuja. Anakaa pale mbele. Nikiita jina hajibu. Ananiangalia tu, kama mimi ndio mtoto na yeye ndiye mwalimu. Mimi nifanyeje, mama? Asiyejibu naandika hayupo."

Na chakula kilikuwa kimeanza kumshinda mtoto. Alikuwa anakula anachopewa na Muriithi peke yake, mara moja kwa siku, jioni. Jumatano hiyo hiyo alikataa hata hicho. Muriithi alimsogezea sahani, mtoto akaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka katikati ya meza.

"Si wewe ulininyima," akamwambia. "Aliyeninyima ndiye atanipa."

Akainua macho, akamtazama Murugi. Mboni zilikuwa na duara la kijivu pembeni, ile rangi inayoyaingia macho ya wazee.

Alhamisi walikwenda kliniki. Muuguzi alimtoboa kidole, akampima, akasema damu ni safi, hana malaria, hana minyoo. "Labda anadeka," akasema. "Mpikie kitu anachopenda." Murugi alipika chapati. Alipika mayai. Alinunua soda, kitu ambacho huwa hanunui. Mtoto alivitazama vyote kwa heshima na hakugusa kimoja. Ijumaa mifupa ya mabega ilikuwa inaonekana juu ya gauni.

Jioni Murugi alimpigia mama yake. Alikuwa hajamwambia chochote mpaka siku hiyo, kwa sababu aliona haya. Msiba ni wa upande wa mume, na mtu hapeleki uchafu wa nyumba ya mume kwa mama yake. Cucu wa Kianyaga alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwita hilo jina?"

"Bado, maitu."

"Usimwite. Hata akilala chini usimwite. Niletee Jumapili, mapema, nimwone na macho yangu. Ni wangu huyo. Mimi ndiye yeye."

"Jumapili nitamleta."

"Na ongea naye. Mwite Wangui, usichoke. Mtoto akiitwa anajua yuko kwa nani."

Usiku huo, na alfajiri, na asubuhi yote ya Jumamosi, Murugi alimwita. Alimwita akifagia, alimwita akikuna kichwa chake mwenyewe kwa kukosa la kufanya. Wangui. Wangui. Wangui, amka tuote jua. Mara moja tu, kama saa nne hivi, midomo ya mtoto ilisogea na sauti ikatoka, nyembamba, ya mbali, kama mtu aliye chini ya maji. "Mum, nina njaa." Murugi akakimbilia jikoni. Aliporudi na kikombe cha maziwa, macho yenye duara la kijivu yalikuwa yanamngojea, na meno yalikuwa yamefungwa.

Saa saba mchana mtoto hakuweza kukaa. Alilala kwenye godoro la sebuleni, midomo imepasuka, pumzi ikija na kwenda kama inayofikiria. Muriithi alikuwa ametoka kinuni nusu siku. Aliketi ukutani na kumtazama mke wake. Kinyua akasimama mlangoni.

"Mum," akanong'ona, "atakufa?"

Hapo ndipo Murugi alipofanya hesabu aliyozoea kuifanya, hesabu ya mwanamke wa vitendo. Mtoto anayekula ni mzima. Asiyekula atazikwa. Jina haliliwi. Angemwita hata jina la mbuzi kama lingekipitisha kijiko kimoja. Jumapili ilikuwa kesho, na kesho ilikuwa mbali sana kwa pumzi ile. Mama yake angemsamehe. Wangui mwenyewe, akipona, angemsamehe. Ni neno tu.

Alipakua wali na ndengu. Akapiga magoti kando ya godoro.

"Watiri," akasema. "Kuja ule."

Kitu kilimpita shingoni. Chepesi, cha haraka, kama mtoto anayempita mama yake kukimbilia nje. Pazia la mlango wa nyuma likainuka, likashuka. Hakukuwa na upepo.

Mtoto alifumbua macho. Akaketi mwenyewe. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaiinua kidogo kama anayeshukuru, akala. Akaongezwa, akala. Akatafuna polepole, upande mmoja wa mdomo, mpaka punje ya mwisho. Muriithi alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

"Asante, mama Kinyua," mtoto akasema. "Sasa tumemalizana."

Mchana uliobaki ulikuwa wa amani, na Murugi aliichukua amani hiyo bila kuikagua. Alikuwa amechoka. Mtoto aliosha vyombo bila kutumwa. Alifagia uani kwa kurudi nyuma, asikanyage alipofagia. Alimkalisha Muriithi kwenye jua na kumwuliza habari za majirani wa Nyeri, na Muriithi akazitoa moja moja, akicheka.

Mutahi ndiye hakutulia. Ana miaka mitatu na hakubali kulala mchana. Murugi alimkuta amesimama mlango wa nyuma, mkono mmoja juu, anapunga.

"Unampungia nani?"

"Wangui."

"Wangui yuko uani na baba."

Mutahi alimtazama kwa huruma, jinsi watoto wanavyowatazama watu wasioona. "Huyo ni cucu wa ile picha," akasema. Akaelekeza kidole kwenye njia ya mfereji. "Wangui anaenda. Nimemwita, amekataa kurudi. Analia."

Murugi alitoka mpaka ukingo wa mfereji. Mpunga ulikuwa umesimama kijani pande zote mbili. Kulikuwa na yangeyange wawili ndani ya tope, na mbali sana mtu na baiskeli yake ya magunia. Njia ilikuwa tupu. Akamvuta Mutahi ndani kwa mkono, akaufunga mlango, akawasha moto wa chakula cha jioni mapema kuliko kawaida.

Saa moja taa ikawashwa. Wali tena, na maharagwe aliyoyamenya yule mtoto. Sahani tano mezani, kijiko kila sahani. Murugi huwaita watoto kwa jina kabla hajakaa, ni mazoea yake tangu Kinyua aanze kucheza mbali, asiyeitika anatafutwa.

"Kinyua."

"Niko."

"Mutahi."

"Niko."

Ulimi wake ulisita mara moja tu. "Watiri."

"Niko hapa," mtoto akasema.

Muriithi aliomba baraka juu ya chakula. Alipofika kwenye amina, simu ya Murugi ikalia. Ilikuwa Kianyaga.

"Murugi," mama yake akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechokozwa, si ya mtu aliyeogopa. "Tulisema Jumapili. Na tulisema umlete. Mbona umemtuma mtoto peke yake?"

"Mtoto gani, maitu?"

"Mtoto gani tena? Wangui. Ameingia hapa jua likizama, na miguu, bila viatu. Tope limempanda mpaka magotini, hilo tope jeusi la huko kwenu kwenye mpunga. Hapa kwetu udongo ni mwekundu, unajua. Nimemwosha maji mara mbili na bado beseni ni nyeusi. Amekula githeri sahani mbili. Sasa amenishika nguo, hataki kuniachilia."

Mezani, vijiko vilikuwa vinagonga sahani.

"Uko hapo? Ngoja, ongea naye mwenyewe."

Kukawa na mkwaruzo. Kisha pumzi, ya karibu sana, pumzi ya mtoto aliyelia mpaka akaisha machozi. Murugi aliijua. Aliijua kama anavyoujua mkono wake.

"Mum," sauti ikasema. "Mbona uliita mtu mwingine, na ni mimi nilikuwa na njaa?"

Kinyua alikuwa anatafuna. Mutahi alikuwa anatafuna. Muriithi alikuwa amenyanyua kijiko na kukiacha hewani, akimtazama mke wake. Mtoto wa nne kwenye benchi hakuinua kichwa. Hakukuwa na mtoto wa nne, walikuwa watatu. Murugi alianza upya. Kinyua, Mutahi, na yule wa pembeni, aliyekuwa akitenga maharagwe yaliyovunjika kando ya sahani kwa ncha ya kidole.

"Mwambie mama yako amweke," yule wa pembeni akasema kwa upole. "Sasa kila mtu ana wake. Kaa ule, mama Kinyua. Chakula kinapoa."

Murugi aliketi. Simu ilikuwa bado sikioni, na ndani yake mtu alikuwa bado anapumua. Akahesabu kuanzia kwa mume wake, akahesabu tena kuanzia upande ule mwingine. Watano. Sahani tano, vijiko vitano. Hakupungua mtu.